Homa ya papasi: Ugonjwa wa njia ya misafara unaojificha nyuma ya malaria

Na Mwandishi Wetu

MGONJWA anapatwa na homa kali ghafla. Kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma, anatapika na kutetemeka kwa baridi. Anapewa dawa ya malaria. Siku ya tatu au ya nne homa inashuka, mgonjwa anaamka, anakula, na dawa inasifiwa. Baada ya wiki moja hivi homa inarudi kama ilivyokuja mara ya kwanza. Sasa anaambiwa kwamba malaria yake ni sugu.

Katika vijiji kama vya Igalula, wilayani Uyui, na katika ukanda wa kati na magharibi mwa Tanzania ambako nyumba za udongo ni nyingi, kisa cha namna hiyo kina mshukiwa mwingine ambaye aghalabu hatajwi. Mshukiwa huyo ni papasi, mdudu wa rangi ya udongo anayeishi ndani ya nyufa za kuta na sakafu, na ambaye hutoka usiku kunyonya damu ya waliolala. Ugonjwa anaouambukiza huitwa homa ya papasi.

Wasomaji wanaofuatilia habari za afya za ng'ambo bila shaka wamekwisha kusikia juu ya ugonjwa wa Lyme, unaoambukizwa na kupe wa misituni huko Marekani na Ulaya. Nchini Marekani pekee, mamlaka za afya zilikadiria kuwa watu wapatao 476,000 walitibiwa ugonjwa huo kila mwaka kati ya mwaka 2010 na 2018. Huko kupe huhesabiwa, ramani huchorwa na wananchi hutahadharishwa kila majira ya joto yanapokaribia. Homa ya papasi ni ndugu wa damu wa ugonjwa huo, kwa kuwa bakteria wa magonjwa yote mawili ni wa jamii moja iitwayo Borrelia. Tofauti ni kwamba ndugu huyu wa kwetu karibu hana anayemhesabu.

Kupe na papasi

Kwanza ni vema kutenganisha mambo mawili ambayo hata baadhi ya wataalamu huyachanganya katika mazungumzo. Kupe anayefahamika na wafugaji, yule anayening'inia kwenye masikio na viwele vya ng'ombe, ana ngao ngumu mgongoni. Hupanda majani, husubiri mnyama apite, kisha hujishika mwilini kwa siku kadhaa. Huyo ndiye anayeleta ndigana kali kwa ng'ombe. Kupe wa Lyme naye ni wa kundi hilo la wenye ngao, ingawa jamii yake hukaa Ulaya, Marekani ya Kaskazini, Asia na kaskazini mwa Afrika.

Papasi hana ngao. Ngozi yake ni laini na yenye mikunjo, nayo hutanuka kama mfuko anaposhiba. Hakai mwilini mwa mtu. Hutoka gizani, hunyonya kwa nusu saa hivi, kisha hurudi kwenye ufa wake kabla ya mwenye nyumba kuamka. Kwa hiyo watu wengi walioumwa naye hawajapata kumwona. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila chakula chochote, akisubiri tu, na akipata damu humwaga mayai ndani ya vumbi, mafungu kwa mafungu katika maisha yake.

Wataalamu humwita Ornithodoros moubata, na bakteria anayembeba huitwa Borrelia duttonii. Papasi akiambukizwa mara moja hubaki na bakteria hao maisha yake yote, na jike huweza kuwarithisha watoto wake kupitia mayai. Maana yake ni kwamba nyumba iliyohamwa inaweza kubaki na ugonjwa ndani yake bila mtu wala mnyama, hadi siku atakapoingia mpangaji mpya.

Wapagazi na makambi

Igalula leo inajulikana zaidi kama kituo cha Reli ya Kati, kusini mashariki mwa mji wa Tabora. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita katika ukanda uleule ambao kwa miongo mingi kabla yake ulikanyagwa na misafara. Kutoka Bagamoyo wapagazi walipanda hadi Mpwapwa, wakapita Ugogo, wakavuka pori la Mgunda Mkali, wakaingia Unyamwezi kupitia Tura na kufika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Kutoka hapo wengine waliendelea Ujiji, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi Kasongo katika Kongo, mji uliokuwa chini ya himaya ya Tippu Tip.

Wapagazi hao, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa makumi ya maelfu kila mwaka. Walilala katika makambi yaleyale yaliyolaliwa jana na msafara mwingine, au ndani ya tembe, zile nyumba za udongo zenye paa bapa ambazo mfano wake mmoja mashuhuri ni tembe ya Kwihara, alikokaa David Livingstone mwaka 1872. Papasi hatembei mbali kwa miguu yake. Lakini huingia ndani ya mkeka, ndani ya mzigo na ndani ya nguo za kulalia, na mzigo ukisafiri maili mia tano naye husafiri maili mia tano.

Livingstone mwenyewe alikwisha kuandika juu ya maumivu yatokanayo na mdudu huyo katika kitabu chake cha mwaka 1857, miaka mingi kabla ya kufika Tabora. Waafrika wa maeneo mengi walijua tangu zamani kwamba kuumwa na papasi huleta homa. Kilichokosekana ni mtu wa kuonyesha jinsi inavyokuwa.

Jibu lilipatikana karibu kwa wakati mmoja katika pembe tatu za eneo hili letu. Mwaka 1904 madaktari Ross na Milne nchini Uganda walieleza kwamba papasi ndiye mwambukizaji. Katika Kongo, Joseph Everett Dutton na mwenzake John Todd kutoka chuo cha tiba za tropiki cha Liverpool walifikia hitimisho hilohilo, na wote wawili wakaugua homa hiyo wakiwa kazini. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari, 1905. Bakteria aliyekuwa akimchunguza ndiye aliyepewa jina lake.

Mwaka huohuo Robert Koch, daktari Mjerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwishoni mwa 1905, alikuwa katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Aliwakusanya papasi kutoka kwenye vibanda vya kupumzikia misafara, akawapasua chini ya hadubini, akawakuta bakteria hadi ndani ya mayai. Jambo lingine alilolibaini lina uzito hadi leo: wageni ndio waliougua vibaya, wakati watu wazima wa maeneo yenye papasi wengi walionekana kuwa na kinga waliyoipata kwa kuumwa tangu utotoni.

Kinga hiyo haikuja bure. Ilinunuliwa kwa maisha ya watoto wachanga.

Mjamzito na mtoto

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa historia. Mtu mzima mwenye afya aghalabu hupona homa ya papasi hata akichelewa kutibiwa, ingawa homa inaweza kumrudia mara kadhaa, bandama ikavimba, na pengine macho au mishipa ya fahamu ikadhurika. Mjamzito hali yake ni tofauti. Bakteria huwa wengi zaidi katika damu yake, nao huweza kupenya hadi kwa mtoto tumboni. Mimba huharibika, au mtoto huzaliwa kabla ya wakati wake.

Utafiti uliofanyika katika Tanzania vijijini na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba miongoni mwa wajawazito waliougua homa hii, vifo vya watoto waliofia tumboni mimba ikiwa kubwa au muda mfupi baada ya kuzaliwa vilizidi 400 kwa kila uzazi 1,000. Ni vigumu kupata ugonjwa mwingine unaotibika kwa vidonge vya bei nafuu wenye takwimu ya kutisha kiasi hicho.

Takwimu nyingi tulizonazo juu ya homa hii nchini zimetoka mkoani Dodoma, hususan Mvumi, ambako hospitali na watafiti waliifuatilia kwa miaka mingi. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kupulizia dawa ya lambda-cyhalothrin katika nyumba zenye papasi huko, na homa ya papasi kwa watoto wa chini ya miaka mitano ikapungua. Mwaka 2003 watafiti, akiwamo William Kisinza wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), waliripoti katika jarida la Lancet kwamba katika maeneo hayo ya kati kuna aina nyingine ya Borrelia ambayo haikuwa ikifahamika, waliyoikuta ndani ya papasi na ndani ya damu ya watoto. Mwaka 2007 likafuata swali jingine: damu ya kuku na nguruwe wa vijijini nayo ilikutwa na chembechembe za urithi za bakteria hao. Kwa karne nzima ilikuwa ikiaminika kwamba binadamu na papasi wanatosha kuuendeleza ugonjwa. Huenda banda la kuku nalo lina sehemu yake.

Dodoma na Tabora ziko kwenye njia moja. Mazingira yanafanana: kiangazi kirefu, nyumba za udongo, mifugo karibu na makazi. Papasi hajui mpaka wa mkoa. Hata hivyo, mtu akitaka kujua leo ni nyumba ngapi za Igalula zina papasi, au ni papasi wangapi kati ya hao wamebeba bakteria, hawezi kupata jibu la kuaminika kwa kufungua vitabu vya zahanati.

Kilichobadilika maabara

Sababu yake ni ya kushangaza kidogo, kwa kuwa imetokana na mafanikio.

Kwa miaka mingi malaria ilipimwa kwa kuchukua tone la damu, kulipaka kwenye kioo, kulitia rangi na kulitazama kwa hadubini. Mtaalamu wa maabara aliyekuwa akitafuta vimelea vya malaria aliweza, bila kukusudia, kukutana na kitu kingine: uzi mwembamba uliojisokota kama parafujo, ukipita kati ya chembe za damu. Huyo ndiye bakteria wa homa ya papasi. Mtaalamu makini aliandika alichokiona na mgonjwa akapewa dawa stahili.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, Tanzania ilisambaza kipimo cha haraka cha malaria hadi ngazi ya zahanati. Hakuna anayeweza kubeza faida yake. Zahanati isiyo na umeme wala mtaalamu wa maabara sasa inaweza kutoa jibu kwa dakika 15 au 20, na watu wengi wameepushwa kumeza dawa za malaria wasizozihitaji. Lakini kipimo hicho hujibu swali moja tu: je, kuna malaria? Hakina jicho. Kikikosa malaria hunyamaza, hata kama damu imejaa bakteria wengine.

Hali huwa ngumu zaidi pale jibu linapokuwa ndiyo. Katika maeneo yenye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja. Isitoshe, aina ya kipimo iliyo maarufu zaidi inaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo mwenye homa ya papasi aliyeugua malaria mwezi uliopita atapimwa, ataambiwa ana malaria na atarudishwa nyumbani na dawa isiyoua hata bakteria mmoja wa Borrelia. Homa yake itashuka kwa sababu ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe. Kinga ya mwili hulishinda kundi la kwanza la bakteria, wachache waliobaki hubadilisha vazi lao la nje ili wasitambuliwe, huzaliana tena, na baada ya siku saba hivi homa hurudi.

Mfano wa Senegal unafaa kutazamwa hapa. Katika kijiji cha Dielmo watafiti waliwapima wanakijiji wenye homa kwa hadubini mwaka hadi mwaka. Matokeo ya mwaka 1990 hadi 2003, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalionyesha wastani wa wagonjwa 11 wa homa ya namna hii kwa kila watu 100 kwa mwaka, ikiletwa na ndugu wa papasi wetu anayeishi katika mashimo ya panya. Wanakijiji wa Dielmo hawakuwa na mkosi kuliko majirani zao. Walikuwa tu wametazamwa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kabla ya kusema kwamba homa ya papasi imepungua nchini, ni haki tujiulize kwanza kama kilichopungua si hadubini.

Ni kweli kwamba zipo sababu za kuamini imepungua katika baadhi ya maeneo. Nyumba za matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji na paa la bati zimeongezeka hata vijijini, na papasi hapendi saruji kwa kuwa haina nyufa za kujificha. Dawa zinazopuliziwa ukutani dhidi ya mbu nazo humgusa. Lakini nyumba bora hazigawanywi sawasawa, na nyumba ya mwisho kuwekewa saruji kwa kawaida ni ile ya familia maskini kuliko zote kijijini.

Anavyohesabiwa

Kumfuatilia papasi hakuhitaji mitambo ya ajabu. Marekani na Ulaya watafiti huburuta kitambaa cheupe juu ya majani msituni, kupe wakadhani ni mnyama na kukishika, kisha wakahesabiwa. Kitambaa hicho kikiburutwa katika miombo ya Uyui kitaleta kupe wa mifugo na wa wanyamapori, lakini papasi wa nyumbani hatapatikana kwa njia hiyo. Yeye hutafutwa chini ya kitanda.

Mtafiti huchota udongo kutoka kwenye pembe za chumba, chini ya kitanda na kando ya mafiga, huuchekecha na kuumwaga juu ya karatasi au kitambaa cheupe penye jua. Mwanzoni haonekani chochote. Papasi akisumbuliwa hujifanya mfu, na kwa rangi yake ni vigumu kumtenga na punje za udongo. Inabidi kusubiri dakika kadhaa hadi punje moja itoe miguu na kuanza kutembea. Baada ya hapo hupelekwa maabara kuangaliwa kama ana vinasaba vya Borrelia. Kazi ya kuchekecha inaweza kufanywa na mhudumu wa afya wa kijiji aliyefundishwa kwa siku chache. Kazi ya vinasaba inahitaji maabara, na NIMR ina kituo chake Tabora mjini.

Inafaa kuongeza kwamba papasi wa jamii hii hukaa pia katika mashimo ya ngiri porini, na huko huendeleza kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika. Binadamu haugui homa hiyo ya nguruwe, ila mfugaji anayepoteza zizi zima la nguruwe kwa wiki moja hana haja ya kuelezwa hasara yake.

Kuna jambo moja katika historia ya utafiti ambalo halijulikani sana. Willy Burgdorfer, mwanasayansi aliyemgundua bakteria wa Lyme ndani ya kupe wa jimbo la New York mwaka 1981 na ambaye bakteria huyo amepewa jina lake, alijifunza kazi hiyo kwa papasi wa Afrika. Shahada yake ya udaktari huko Basel, Uswisi, aliifanya chini ya Profesa Rudolf Geigy kwa kuchunguza jinsi bakteria wa homa ya papasi wanavyoishi ndani ya mwili wa mdudu huyo. Geigy ndiye aliyeanzisha maabara ya Ifakara, mkoani Morogoro, ambayo leo ni taasisi kubwa ya utafiti wa afya, na mwaka 1955 yeye na mwenzake Mooser walichapisha uchunguzi wao juu ya homa ya papasi katika Tanganyika. Ujuzi uliozaliwa kwa papasi wetu ndio uliofumbua fumbo la Lyme. Ugonjwa wa Lyme ukapata fedha na majina, na wa kwetu ukabaki ulipokuwa.

Kwa anayesafiri

Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza anaweza kudhani habari hii haimhusu. Akumbuke alichokibaini Koch mwaka 1905. Asiye na kinga ndiye anayeugua vibaya, na mtu aliyekulia kwenye nyumba ya saruji mjini hana kinga hiyo. Familia inayokwenda kijijini kwa msiba au sikukuu, ikalala wiki moja chini ya mkeka katika nyumba ya zamani ya babu, inaweza kurudi mjini kabla dalili hazijaanza, kwa kuwa kwa kawaida huchukua wiki moja hivi, wakati mwingine zaidi, tangu kuumwa. Daktari wa mjini atauliza juu ya mbu. Ni mara chache atauliza mgonjwa alilala wapi, kwa hiyo mgonjwa mwenyewe ndiye wa kumwambia, na kuomba damu itazamwe kwa hadubini wakati homa ikiwa imepanda. Katika siku za nafuu bakteria hupungua mno katika damu na kwa kawaida hawaonekani.

Kulala kitandani badala ya chini, kukisogeza kitanda mbali na ukuta na kuchomeka chandarua vizuri chini ya godoro hupunguza nafasi ya papasi kumfikia aliyelala. Kwa mwenye nyumba, kuziba nyufa na kusakafia ni kinga ya kudumu kuliko dawa yoyote.

Tiba ipo na si ghali. Dawa za kundi la tetrasaiklini, ikiwamo doksisaiklini, hutumika kwa watu wazima. Wajawazito na watoto wadogo huweza kupewa eritromaisini au penisilini. Mgonjwa asinunue dawa hizi mwenyewe dukani, kwani saa chache baada ya dozi ya kwanza bakteria wanapokufa kwa wingi mwili unaweza kutikisika: homa hupanda ghafla, mgonjwa hutetemeka na shinikizo la damu hushuka. Hali hiyo humtaka awe mikononi mwa mhudumu wa afya, hususan mjamzito, kwa saa kadhaa za mwanzo.